Jiwe Lisilale Njaa

Kwa Mwalimu Ephantus, Misheni,
Fort Hall
9 Mei 1954

Dada yangu Milcah,

Salamu zangu zikufikie huko Kilimani zikukute na afya. Sisi tuko hai. Mama anakohoa, lakini anakohoa huku akinituma kuni na maji, kwa hiyo bado sijaingiwa na hofu.

Bila shaka umesikia tulivyoondoka. Askari walikuja alfajiri, wakatutenga sisi Wakikuyu wa Fort Hall upande mmoja, na kabla jua halijapanda tulikuwa juu ya lori. Mama alikuwa amebandika nduma za kupeleka sokoni. Tuliziacha zikichemka. Mengine siandiki, maana barua hii itapita mbele ya macho mengi kabla ya kufika kwako.

Tumetiwa katika kijiji kipya, nyumba zimebanana, na mchana tunachimba handaki la kukizunguka. Mama alitoka huku akiwa bibi harusi, na waliomjua wamekwisha kufa. Mimi sikuzaliwa huku. Nikisema Kikuyu changu cha bazaar, wanawake wanacheka nyuma ya kanga. Sijapata hata mmoja wa kukaa naye.

Nakuandikia kwa jambo moja tu. Mama hajauliza nyumba, wala vyombo, wala mbuzi wake. Anauliza jiwe lake. Unaijua sheria ya bazaar ya Kwa Lalji kama ninavyoijua mimi: kila mama na jiwe lake mbele yake, na akiugua au akijifungua, jirani humwekea kitu juu ya jiwe, hata kitunguu kimoja, ili jiwe lisilale njaa. Likilala njaa Alhamisi tatu za soko, mahali pamekwisha, anakaa mwingine. Mimi nawe ndio tuliokuwa tukitumwa kulisha mawe ya watu tangu hatujaota meno ya pili.

Mama anasema mtu ambaye mahali pake hapajachukuliwa hajafukuzwa, amesafiri tu. Maneno hayo ndiyo anayoyalalia. Nakuomba, dada, mwekee kitu.

Ni mimi dada yako,
Wamucii


Kilimani, Nairobi
6 Juni 1954

Ndugu yangu Wamucii,

Mwili wangu mzima, namshukuru Mungu. Kilichonipungukia ni watu wa kuongea nao. Mpe Mama pole ya kikohozi, umwambie anywe tangawizi asijifanye shujaa.

Sasa wewe, ulifikiri nitangoja barua? Alhamisi ndiyo nusu siku yangu, Mungu si Athumani. Alhamisi ya kwanza baada ya lori nilimlaza mtoto wa memsaab, nikavua aproni, nikashika njia kwa miguu mpaka Kwa Lalji na vitunguu vyangu kwenye kikapu. Jiwe la Mama nililikuta pale pale, jeusi, bapa, na kile kishimo chake alichokuwa akitilia sarafu. Nikaliwekea kitunguu kikubwa kuliko vyote. Kisha nikakaa.

Wamucii, nilikaa peke yangu. Safu nzima ni mawe matupu. Kushoto yuko Mama Selpher na samaki wake wakavu, amenenepa, amefurahi kuniona mpaka akanipa kichwa cha samaki bure, jambo ambalo hujapata kuliona maishani mwako. Kulia, pale pa Muthoni wa maharagwe, hakuna mtu. Mzee Kihara yupo na baiskeli yake ya kunolea visu, kwa sababu ananolea hoteli ya wazungu na wamempa karatasi ya kubaki mjini. Lalji amesimama mlangoni, hana wa kumpigia kelele. Aliponiona alisema, "Wewe toto ya Sifuna fundi? Kuja, chukua guru." Akanimegea sukari guru kama zamani, na mimi mtu mzima nikaila pale pale nikilia.

Niliangalia ile baraza alipokuwa akikaa baba yangu na cherehani yake kabla ya kurudi Kimilili. Jua bado linapita kwenye matundu ya mabati na kutupa chini vile vimwangaza vya duara tulivyokuwa tukivigombania kama senti. Unakumbuka siku tuliyoachiwa jiwe la Mama Selpher, tukavigombania mpaka tukalala, paka akaondoka na samaki? Mama alituchapa sawasawa, mimi nawe, fimbo kwa fimbo. Mtu mmoja akamwambia amwonee huruma yule asiye na mama. Mama akasema, "Nani hapa hana mama?" akaniongeza moja.

Mwambie jiwe limekula.

Dada yako,
Milcah wa Sifuna


Fort Hall
19 Agosti 1954

Dada Milcah,

Pokea salamu za nyumba nzima, yaani watu wawili. Mimi sijambo. Mama si mzima sana. Handaki lilimvunja kifua, wakamruhusu kukaa ndani, na tangu akae ndani amezidi kuwa mnyonge.

Barua yako imesomwa mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nilimsomea mara ya kwanza kwa sababu aliomba, na mara nyingine zote kwa sababu alinyamaza. Akinyamaza sana mimi husoma pale pa kichwa cha samaki, naye husema, "Mwongo huyo, Mama Selpher hawezi," kisha anakula.

Nilimwambia kwa mzaha kwamba mto huu wa hapa ndio alikotoa jiwe lake alipoolewa, na mto umejaa mawe, nimletee jingine. Akasema, "Yamejaa, lakini hakuna hata moja linalonijua." Niliona aibu kwa mzaha wangu.

Anauliza: Mama Selpher bado anafungia samaki gazeti lenye maji ili wawe wazito? Kasuku wa Lalji bado anatukana? Muthoni amepatikana? Andika yote, dada, hata yasiyo na maana. Hana kitu kingine cha kungojea, na mimi, kama nitasema kweli, sina pia.

Dada yako,
Wamucii


Kilimani
14 Novemba 1954

Kwa ndugu yangu Wamucii, na kwa Mama anayesikiliza,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kikohozi kimepungua. Nisameheni kwa kuchelewa. Mtoto wa memsaab alikuwa na surua.

Mama, bazaar imechangamka. Mama Selpher bado analowesha gazeti, juzi mnunuzi mmoja alilikamua mbele yake, maji yakamchuruzika mpaka kiwiko, naye akasema ni jasho la samaki. Kasuku anatukana kwa Kihindi na Kikuyu, na sasa amejifunza na Kiluhya, sijui kwa nani. Mzee Kihara ananoa visu, cheche zinaruka mpaka watoto wanakimbia na kurudi. Muthoni karibu atarudi, watu wanasema. Lalji amepaka duka lake rangi ya samawati.

Jiwe limekula kila Alhamisi. Vitunguu vikiisha naweka limau. Watu wanapita wanauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" na mimi nawajibu, amesafiri.

Wenu,
Milcah


Fort Hall
20 Februari 1955

Dada yangu mpenzi,

Salamu, na baada ya salamu keti kwanza. Tuko wazima kiasi chetu.

Mwezi uliopita Mzee Kihara aliletwa hapa kijijini. Karatasi ya hoteli haikumsaidia tena. Nyumba yake ni ya nne kutoka kwetu. Alipokuja kutuamkia, Mama alikuwa amelala, na mimi kwa furaha nikamsomea barua yako ya Novemba. Nilipofika pale pa cheche alinishika mkono. Akaniambia bazaar ililimwa na tingatinga mwezi wa Septemba, duka la Lalji likabomolewa, na Lalji akahamia mjini na kasuku wake. Kumebaki udongo mwekundu tu.

Sikukasirika, Milcah. Nataka ulijue hilo kabla ya jingine lolote. Nilitoka nje nikakaa chini, nikakuwaza ukiwa na kalamu katika kile chumba chako cha nyuma, unampaka Lalji rangi ya samawati. Nikasikitika kwa ajili yako kuliko kwa ajili ya bazaar.

Mzee Kihara alicheka hadi machozi. Anasema, "Mwambie huyo binti wa Sifuna anisalimie mimi kule. Aniambie nisiache baiskeli kwenye jua."

Mama hajui, na sitamwambia. Mzee naye ameapa. Jioni sasa huja kukaa na Mama, na wanabishana juu ya bei za sokoni kana kwamba wametoka huko leo. Kwa hiyo usiache kuandika. Nakuomba kama nilivyokuomba mara ya kwanza.

Ila mimi niambie ukweli. Jiwe liko wapi?

Dada yako,
Wamucii


Kilimani
27 Machi 1955

Wamucii, ndugu yangu,

Mimi mzima, na leo ni mwepesi zaidi kuliko siku zote. Kumbe kusema uongo peke yako ni kazi ngumu. Tukiwa wawili, au watatu na Mzee, umekuwa mzigo wa kubebeka.

Nilifika Alhamisi na vitunguu vyangu, nikakuta hakuna mabati, hakuna baraza. Lalji alikuwa akipakia mikebe kwenye mkokoteni. Nikamwuliza mawe yako wapi. Akanionyesha shimo kwenye ukingo wa barabara, tingatinga lilikoyasukuma yote pamoja na takataka. Nilishuka mle, Wamucii, na sare yangu ya kazi. Nilipindua mawe ya akina mama wote. Nilikuwa nikiyajua mengi kwa sura, lile la Muthoni lenye mstari mweupe, la Mama Selpher linalonuka, na kila nililoliacha nililiomba radhi. La Mama lilikuwa chini kabisa. Limemeguka pembe moja. Kishimo kipo.

Ni zito kama mtoto wa miaka miwili. Mikono ilinishinda kabla ya kufika barabarani, basi nikafungua shali ya mtoto wa memsaab niliyokuwa nimejifunika, nikalifunga mgongoni. Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Nimeeleka mpaka Kilimani. Watu barabarani walichungulia kuona kama ni wa kike au wa kiume. Njia nzima niliwaza kwamba Mama alinibeba hivyo hivyo, mara mimi mara wewe, baada ya mama yangu kufariki, na hakuna aliyemlazimisha.

Sasa liko mlangoni pa chumba changu. Kila Alhamisi naliwekea kitunguu. Memsaab aliniuliza, "Yaya, hii jiwe nafanya nini hapa?" Nikamwambia ni la kuzuia mlango. Huo nao ni uongo, lakini kwa memsaab sihesabu.

Hapa sina rafiki. Mpishi ni mtu wa kulewa, na mtunza bustani haongei. Mama Selpher amekwenda Kisumu. Alhamisi nakaa kwenye ngazi kando ya jiwe mpaka giza linaingia, kisha naingia ndani naandika habari za bazaar. Kumbe nawaandikia ninyi, lakini mimi ndiye ninayekwenda huko.

Nimeweka karatasi mbili. Hii ni yako. Ile nyingine ni ya Mama, na Mzee Kihara yumo, ameondoa baiskeli kwenye jua.

Dada yako,
Milcah


Kilimani
12 Februari 1956

Wamucii,

U hali gani? Mama je? Mimi nipo.

Tangu Oktoba sijaona barua yako. Nimetuma ya Krismasi na ya mwezi uliopita, zote na karatasi ya Mama. Huenda zimefungwa mahali. Huenda Mwalimu Ephantus amehamishwa. Kila postimeni akipita najifanya nafagia langoni.

Naweka karatasi nyingine ya Mama humu. Muthoni amerudi bazaar. Amekaa kulia. Ameuliza habari zenu.

Milcah


Fort Hall
7 Oktoba 1956

Dada yangu Milcah,

Sijui nianzie wapi, wala salamu sijui nizipange vipi. Mimi ni mzima. Mama alifariki Januari.

Barua zako zilifika zote. Ile ya Krismasi nilimsomea. Zilizofuata nilizisoma peke yangu, na kila nilipotaka kukujibu niliona kwamba nikiandika neno lile utaacha kutuma karatasi ya pili. Basi sikuandika. Ulipoandika kwamba Muthoni amerudi amekaa kulia, nilifurahi, Milcah, kana kwamba nimepata habari njema. Ndipo nilipojiogopa.

Sikiliza mambo ya mwisho wake. Siku mbili kabla, alimwita Mzee Kihara awe shahidi, akaniketisha na mimi. Akasema kwa sauti ya sokoni, ile aliyokuwa akiitumia akikataa bei: "Jiwe ni la yule aliyelilisha. Mahali pangu Kwa Lalji, kati ya Mama Selpher na Muthoni wa maharagwe, nimempa Milcah. Asije mtu kumsumbua baadaye kwamba si wa kabila letu au si wa tumbo langu. Kihara, umesikia?"

Mzee Kihara ndiye aliyeliona tingatinga kwa macho yake. Akavua kofia, akasema, "Nimesikia. Napajua mahali hapo. Ni pake."

Kisha Mama akaniuliza kama nimeona wivu. Nikasema hapana. Akasema vizuri, maana nitakaa kando yako, jiwe moja linatosha watu wawili wasiogombana. Wewe na mimi, wasiogombana!

Tulimzika juu ya mto. Kijiji kilikuja, walikuwa watu wazuri kumbe, ila mimi sikuwa nimewapa nafasi. Sasa nasikia pasi za kutoka kijijini zitaanza kutolewa kidogo kidogo. Sijui kama nina pa kurudi. Urithi nimekufikishia.

Dada yako,
Wamucii


Riruta
24 Februari 1957

Ndugu yangu, mtoto wa Mama,

Pole. Naileta pole hii imechelewa, kama vile barua yako ilivyochelewa, na tusihesabiane. Nilipoisoma sikufika hata kitandani. Nilikaa pale mlangoni kando ya jiwe. Memsaab alidhani nimefiwa Kimilili. Nilimwambia nimefiwa na mama, akaniuliza, "Lakini mama yako si alikufa zamani?"

Hawa watu wamerudi kwao Ulaya mwezi wa Desemba. Wamenipa barua nzuri na shali. Kazi nyingine ya yaya nimeitafuta bila haraka, na katika kuitafuta nimepanga chumba huku Riruta. Kuna soko dogo la Alhamisi limeanza kando ya barabara, halina jina, halina Lalji. Wakamba, Waluhya, Wajaluo, kila mtu na gunia lake, na hakuna anayemjua jirani yake. Asiyekuja Alhamisi hii, ijayo pamekaliwa na mwingine.

Nililieleka jiwe mara ya pili, nikalitua, nikapanga vitunguu vyangu. Siku ya kwanza hakununua mtu. Aliyekaa kushoto kwangu ni mama mmoja wa Machakos, anaitwa Kanini, anauza nyanya na ana mdomo. Akaniambia, "Wewe, mbona umekaa kando, na hii jiwe ndiyo imekalia mahali yako?" Nikamwambia hapa si pangu pekee, ni mahali pa mama yangu. "Yuko wapi?" Nikasema amesafiri. Wamucii, neno hilo lilinitoka kabla sijafikiri, na sikulirudisha. Basi nikamweleza habari yote ya mawe, na nduma, na kulala njaa. Alinisikiliza akipangusa nyanya. Mwishowe akasema, "Nyinyi watu wa zamani mlikuwa na kazi nyingi." Nikaona nimejiaibisha. Jioni hiyo nilirudi nyumbani nikiwa mpweke kuliko hata Kilimani, nikaapa kwamba jiwe litarudi kuwa la kuzuia mlango. Lakini mgongo ulikuwa unauma, nilikuwa nimeliacha sokoni mpaka Alhamisi nyingine.

Alhamisi ile nikashikwa na homa. Sikwenda. Na iliyofuata pia sikwenda. Ya tatu nilijikokota, kwa sababu unazijua hesabu za Mama, nami nilikuwa nimekwisha jiambia kwamba nitakuta gunia la mtu mwingine, na jiwe limetupwa mtaroni.

Mahali palikuwa wazi. Juu ya jiwe kulikuwa na nyanya tatu, zimepangwa, na ya chini ilikuwa kwenye kile kishimo isibiringike. Kanini hakuniangalia. Alikuwa akibishana na mnunuzi. Alipomaliza akasema tu, "Imekula, hiyo jiwe yenu. Alhamisi mbili imekula. Sasa nirudishie nyanya zangu."

Nilimrudishia mbili. Moja niliila pale pale, na chumvi.

Pasi ikitoka, njoo. Siku yoyote, lakini Alhamisi ni nzuri. Ukishuka kwenye basi uliza wauza nyanya, usiulize jina la soko, maana bado halina. Kushoto ni Kanini. Kulia kuna nafasi, nimeweka gunia tupu, na mtu akija namwambia ni la dada yangu.

Msalimie Mzee Kihara. Mwambie hapa watu wana visu butu.

Dada yako,
Milcah